Ukuta wa Watamili

Rosine hakuwa na wasiwasi. Kazi yake ya kumaliza chuo ilihusu mazingira katika hadithi fupi za Watamili, watu wa kusini mwa India, alizozisoma kwa Kifaransa mpaka ukurasa wa mwisho wa kitabu ukang'oka na kupotea. Haikumsumbua, aliujua kwa moyo. Mwenye wasiwasi siku ya kuitetea kazi hiyo alikuwa mama yake, Mama Odile, muuza ndakala, dagaa wa ziwani, aliyekaa nyuma ukumbini na kopo la poda mapajani, tayari kummwagia binti yake kichwani akifaulu.

"Ile ya ukuta uiruke," alikuwa amemwambia asubuhi. "Papa Toussaint atazania unamusema yeye."

Profesa Toussaint, mkuu wa jopo la watahini, alikuwa amejenga ukuta ulioziba mkondo unaoteremka mlimani kwenda ziwani. Tangu hapo, mvua ikinyesha, maji yanaingia jikoni kwa majirani. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unamsalimia kwa heshima.

Rosine hakuiruka. Alisema katika hadithi hizo maji si pambo, ni mhusika mwenye njia yake. Akatoa mfano: bwana mmoja alijenga ukuta juu ya njia ya maji ya bwawa la kijiji, akalala pakavu huku wenzake wakizoa matope vyumbani.

Mama Odile akaficha kopo chini ya kitenge.

Profesa akavua miwani. "Mademoiselle, hii histoire iko kweli ya Watamili, ao umeitunga juu ya nyumba yangu?"

Diploma ya miaka mitano ingeweza kupotelea hapo. Rosine akampelekea kitabu mezani. "Iliandikwa mbele sijazaliwa, Papa Profesa. Hata ukuta wenu ulikuwa haujajengwa."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Profesa akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari, wenzake wawili wakitazama dari. Wakanong'onezana. Alama kumi na sita juu ya ishirini, na poda ikamwagika mpaka kwenye viatu vya jopo.

Watu walipokuwa wakitoka, profesa akamwita kando, kitabu kingali mkononi.

"Ukurasa wa mwisho hauko. Yule bwana alifanya nini?"

"Alibomoa ukuta, Papa Profesa. Kwa mikono yake mwenyewe."

Profesa akatikisa kichwa kukubali, akaondoka akiwaza.

Kwenye ukurasa uliopotea, yule bwana aliongeza matofali. Katika kazi yote ya Rosine, huo wa kubomoa ndio mstari pekee aliojitungia.