Shifaa Amwacha Mhabeshi

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Shifaa binti Famau, wa mtaa wa Mkomani mjini Amu, alisema kwa mdomo wa kuazima. Mdomo huo ulikuwa wa pepo wake, Mhabeshi, ambaye hakupata kukataliwa jambo. Shifaa akiomba kitu, mumewe Badawi hujikuna ndevu na kusema tutaona. Mhabeshi akiomba kitu hicho hicho kwa sauti nene, kichwani mwa Shifaa huyo huyo, Badawi hutoka mbio kwenda madukani. Mhabeshi alitaka bangili za fedha, zikaja. Alitaka dirisha litobolewe ukuta wa juu, likatobolewa. Mwaka mmoja alitaka ufunguo wa ghala utoke kiunoni mwa mama mkwe, na hakuna aliyejiuliza pepo wa kutoka Uhabeshi ana haja gani na mchele wa watu.

Usiniulize kama alikuwa akijifanya. Shifaa mwenyewe hakujua sawasawa. Ngoma zikipigwa na moshi wa ubani ukijaa chumba, kitu kilimpanda kweli, na kikishashuka alikuwa hoi. Alilojua ni kwamba njia ile ilimpatia anachotaka, naye hakuwa na nyingine.

Kisha mwezi wa Rajabu ikaja habari kutoka kijijini kwao Chundwa, ng'ambo ya maji, kwamba mamake yu mahututi. Asubuhi hiyo hiyo Shifaa alimwendea Badawi kwa mdomo wake mwenyewe. Badawi akajikuna ndevu. Tutaona. Na ngoma ya pepo haiandaliwi kwa saa moja: yataka mbuzi, yataka wapigaji, yataka siku saba za kufukizwa. Siku ya nne mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Shifaa alilia mpaka sauti ikamkauka, akamchukia Badawi, akamchukia Mhabeshi, na akajichukia mwenyewe kuliko wote wawili.

Mama alimwachia nyumba ya makuti na shamba la minazi na tumbaku. Shifaa alitaka kwenda kukaa huko, alime chake, ale chake. Badawi aliposikia alicheka hadi akapaliwa. Mke wa mtu wa Amu akalime tumbaku!

Ndipo Bi Saadiya, fundi wa pepo aliyempunga Shifaa miaka yote hiyo, akaja nyumbani kumpa shauri.

"Mwanangu, mbona wayisumbua?" alisema. "Mwate Mhabeshi aseme. Badawi hathubutu kumkataa."

Shifaa akakubali. Mbuzi akanunuliwa, mafukizo yakaanza, na siku ya saba baada ya sala ya alasiri wanawake wakajaa chumbani. Badawi aliketi mlangoni kama kawaida yake, tayari kusikia safari hii anatakiwa nini. Shifaa akakalishwa kigodani, akafunikwa shuka nyeupe gubigubi, na ngoma zikaanza.

Alimsikia akija. Shingo ikawa nzito, vidole vikapoa. Ilikuwa rahisi mno. Akisema Mhabeshi, kesho yuko Chundwa. Akisema Shifaa, huenda asiione Chundwa mpaka kufa kwake. Lakini chini ya ile shuka alilikumbuka kaburi la mamake, ambalo hata hakujua limechimbwa upande gani wa shamba, na hasira ikampanda kabla ya pepo. Akakaza shingo. Akamwambia kimoyomoyo: shuka, uende zako.

"Karibu, bwana wetu," Bi Saadiya akaimba. "Ina lako nani? Wataka nini?"

Shifaa akaivuta shuka, akaitupa. Ngoma moja ikakatika, kisha nyingine.

"Ina langu Shifaa binti Famau. Nataka kwenda Chundwa, kukaa kwenye nyumba ya mamangu."

"Funika kitwa, mwanangu!" Bi Saadiya alishtuka. "Hayapanda bado!"

"Na hapandi tena. Nimemwata. Talaka tatu, na nyote ni mashahidi."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Bi Saadiya alipiga istighfari. Pepo aliyefukuzwa hivi, alisema, humpofusha mtu, humlemaza.

"Nanilemaze! Miaka kumi na mmoya namlisha mbuzi, na siku mamangu yuwafa hakuniombea hata mashua." Akazivua bangili za fedha, akazitia kwenye sinia la halwa na marashi aliloandaliwa pepo. "Mrudishieni zitu zake."

Badawi alisimama. Uso ulikuwa umemwiva kwa haya mbele ya wake za watu.

"Mhabeshi akitaka, nitampa," alisema. "Weye sikupi ruhusa."

Chumba kizima kilisikia. Wanawake wakatazamana, na hata wapigaji wakainamisha vichwa, kwa kuwa maneno yale, yakisemwa wazi namna hiyo, yalikuwa mabaya kuliko tusi.

"Siyaiomba ruhusa," Shifaa akajibu. "Nimeulizwa nataka nini, nimesema."

Akaliruka sinia. Safari hii miguu ilikuwa yake, na furaha iliyomjaa ilimtisha yeye mwenyewe. Badawi alikuwa bado ameuziba mlango.

"Ukenda, nakuata."

"Niate, usiniate, mashua ni kesho asubuhi. Nipishe."

Badawi alimkodolea macho, akimtafuta humo ndani yule mwengine, wa sauti nene, ambaye yeye Badawi alizoea kumtii. Akatafuta sana. Hakumwona ila mkewe, amesimama, anangoja. Akampisha.