Sinyoi Tena

Kaka yangu alipokufa nilinyolewa nywele na nyusi, nikavishwa joho la utawa wa Kibudha kwa siku moja ili niongoze jeneza lake hadi kwenye moto wa kuchomea maiti. Ndivyo tufanyavyo huku Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Jioni nikavua joho, nikarudi nyumbani. Mke wangu Bualai, ambaye Alzaima, ugonjwa wa kusahau, ulikuwa umeshamla nusu ya akili, akaniona mlangoni, akapiga magoti.

"Mheshimiwa mtawa, umekula?"

"Bualai, ni mimi, Bunlert."

"Bunlert yuko shambani. Kaa, nikuletee wali."

Binti yetu Rampai alicheka mpaka akajifuta machozi. Hata mimi siku ile nilicheka.

Kwetu mwanamke hamgusi mtawa, wala mtawa hapokei kitu mkononi mwake. Bualai akatandaza kitambaa, akaweka wali wa kunata juu yake, ndipo nikachukua. Kisha akahamishia mkeka wake upande wa pili wa chumba. Mwanamke niliyelala naye tangu ujana.

Lakini yaliyonitesa zaidi ni matone. Zahanati walikuwa wametupa mafuta ya bangi, yale yasiyolewesha, wanayaita CBD. Muuguzi hakutudanganya: hayarudishi kumbukumbu, ila wengine huwatuliza. Bualai yalimtuliza. Jua likishuka alikuwa akipiga ukuta, akitaka kwenda kwa mama yake aliyekufa zamani. Nikimwekea matone chini ya ulimi, baadaye tulikaa ngazini, kichwa chake begani kwangu. Sasa nikimsogelea na chupa anarudi nyuma.

"Mtawa gani anamshika mwanamke mdomo? Nitakusemea kwa mkuu wa hekalu."

Rampai akawa anampa yeye, mpaka likizo yake ikaisha, akarudi kiwandani. Nikavaa kofia. Bualai akasema mtawa huyu anasikia baridi.

"Paka masizi kwenye nyusi, baba," Rampai aliniambia kwenye simu.

Nikapaka. Bualai akanitazama sana. "Mheshimiwa, umeanguka jikoni?"

Basi jioni zikawa za kupiga ukuta, na mimi nimekaa pembeni na chupa mkononi, nangoja nywele.

Nilikwenda zahanati kuomba chupa nyingine, kwa kuwa ile ilikuwa imebaki chini kabisa. Nikakuta kabati limefungwa kwa kufuli.

"Utaratibu umebadilika, mzee," muuguzi akasema. "Sasa ni mpaka daktari wa mkoani aandike."

"Si juzi tu mlituambia tupande bangi hata uani?"

"Wakubwa ndio wanaojua."

"Hao wakubwa mama zao hawasahau?"

Akaliandika jina la Bualai ili daktari aombwe barua. Yeye simlaumu. Nawalaumu waliokaa mji mkuu kwenye viyoyozi, leo wanafungua, kesho wanafunga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupigiwa magoti na mkewe.

Nywele zikaota, nyeupe, mpaka zikashika kitana. Jioni moja Bualai akaacha ukuta, akaja, akanipitishia kiganja kichwani, polepole.

"Umevua joho?"

"Nimevua."

"Nilidhani utabaki huko hekaluni. Basi nenda kwa baba ukaseme naye, kabla hajanipa kwa mwingine."

Hata zamani nilimposa hivyo hivyo, nimetoka utawani, nywele fupi kama hizi. Nikamwonyesha chupa. Akafungua mdomo kama kinda. Tukakaa ngazini, na kichwa chake kikarudi mahali pake.

"Usichelewe tena," akasema.

Chupa ikaisha wiki hiyo hiyo. Barua ya daktari wa mkoani haikuja. Alirudia ukuta wake, na mvua zilipoanza, akafa.

Rampai akaja na wembe. "Kaa, baba, nikunyoe. Nani atamwongoza mama?"

"Mwambie binamu yako. Mimi sinyoi."

"Watu watasema humpendi."

"Waseme. Nikinyoa atanihama tena, aende upande wa pili."

Rampai akaweka wembe chini, akaniletea kitana. Nilimfuata Bualai nyuma ya jeneza, nywele nimechana, mkono nimeuweka juu ya mbao njia nzima.