Chumvi Iko Ndani

"Samaki uuze wewe, chumvi ninunue mimi? Hiyo ni biashara ya wapi, Nyamoita?"

Drusilla alisimama chini ya kipaa cha kibanda chake, kijiko cha matundu mkononi, mafuta yakidondokea vumbini. Ng'ambo ya njia, chini ya mparachichi, Nyamoita aligeuza samaki kwenye karai bila kuinua macho.

"Mimi sijamtuma mtu kwako."

"Hujamtuma, lakini anakuja! Ananunua samaki kwako, anavuka njia, anatumbukiza vidole kwenye bakuli langu, huyo anaenda zake. Leo wamekuja wanne na saa tatu haijafika. Si utie chumvi, mama! Samaki wako ni kama ameoshwa tu akavalishwa nguo."

"Chumvi nyingi si nzuri mwilini. Kanisani tunafundishwa kiasi."

"Basi wafundishe na wateja wako!"

Wanawake waliokuwa wakienda kupima majani chai walipunguza mwendo, vikapu mgongoni. Ugomvi wa hawa wawili haukuwa wa kupitwa hivihivi.

Mwaka ule wa sabini na nne chumvi ilikuwa imeadimika. Duka la Sironga lilimpimia mtu nusu kilo, na hiyo nusu kilo hupewi mpaka ununue na kipande cha sabuni usichokihitaji. Mafuta ya kukaangia nayo yalipanda kila mwezi. Drusilla angeweza kupunguza viazi kwenye sahani, lakini bakuli la chumvi hakuthubutu kulipunguza. Ndilo lililomletea watu. Viazi vyake vilitoka jikoni vitupu, vya moto, na kila mtu akajitilia mwenyewe. Ongeri, mchochea tanuri wa kiwandani, ambaye shati lake lilikuwa na mistari myeupe ya jasho, alinyunyiza mpaka viazi vikafanana na shati. Karani wa mizani alichovya ncha tu, kama anachovya kalamu kwenye wino. Orpah, mchambua majani, alisugua kwanza chumvi na pilipili kiganjani. Na kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyekula kipande cha kwanza kikavu, ati akishukuru kiazi kabla hajashukuru chumvi.

"Ukimtilia mtu chumvi," Drusilla alipenda kusema, "umemwamulia mdomo wake."

Aliwahi kujaribu kopo lililotobolewa kwa msumari. Lakini ukungu wa milima ya Manga hauachi chumvi ikae kavu. Iliganda, matundu yakaziba, watu wakarudi kwenye vidole.

Saa tano na nusu pikipiki ya Obwocha, Bwana Afya wa tarafa, ilizimwa mbele ya kibanda. Drusilla alivuta kitambaa kichwani, akashusha macho.

"Tata," alisalimu, kama mtu anayemwamkia baba.

Obwocha alikuwa binamu wa marehemu baba mkwe wake. Kila wiki alikula hapo hapo chini ya kipaa, amesimama, na hakuna aliyemfikia kwa chumvi. Vidole vitatu, mara tatu, halafu analamba vidole. Lakini leo hakuagiza viazi. Alifungua faili.

"Moka Ratemo, mke wa mwanangu, kuna sheria mpya. Chumvi ya mezani ni marufuku. Kila cha kukaangwa kitiwe chumvi jikoni, na mpishi."

"Nitatia, tata. Kuanzia leo."

"Na jiko likaguliwe. Nilione kwa macho yangu, nitie sahihi hapa. Bila sahihi ninafunga."

Wenye vikapu, ambao sasa walikuwa wakirudi kutoka mizanini, walitazamana. Jiko la Drusilla lilikuwa ndani ya nyumba iliyoshikana na kibanda, nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kitanda alicholalia Ratemo, mumewe, kila aliporudi kutoka mashamba ya Kericho. Na kwa hesabu ya ukoo, Obwocha alikuwa baba yake Ratemo. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni ensoni, heshima ambayo hata mlevi anayeyumba huikumbuka akifika mlangoni.

"Sasa, tata, utalionaje?"

"Siwezi kuliona."

"Aje mwingine."

"Mwenzangu alihamishwa tangu mwezi wa tatu. Tarafa nzima niko peke yangu."

"Basi nitoe jiko nje."

"Hoteli haipikii nje."

"Na Nyamoita?"

"Huyo hana hoteli. Ana mti. Fomu haina mahali pa mti."

Mtu alicheka, akajikatiza.

"Nikiandika barua?" Drusilla aliuliza.

"Andika wilayani, Kisii."

"Wakiipata wataipeleka wapi?"

Obwocha alikung'uta vumbi kwenye faili. "Wataileta kwangu."

Hapo Nyamoita akavuka njia, mikono ina magamba ya samaki. "Bwana Afya, mimi si wa ukoo wenu. Niingie niangalie hilo jiko, nitoke nikuambie."

"Wewe si ofisa."

"Na juzi nilipokwambia habari ya vidole bakulini nilikuwa ofisa? Mbona hayo uliyaandika?"

Aligundua amesema nini alipoona Drusilla akigeuka polepole.

"Kumbe ni wewe."

"Nilikuwa na hasira tu, Drusilla. Nilidhani atakuambia uweke kijiko."

Obwocha alipiga mhuri kwenye karatasi, akaipigilia kwenye nguzo ya kibanda kwa msumari alioutoa mfukoni. Alikuja nao.

"Kuanzia sasa hapa hakuna kuuza."

King'ora cha kiwanda kililia. Jikoni debe zima la viazi lilikuwa limeshamenywa na kukatwa, mafuta yameanza kutoa moshi. Viazi vilivyokatwa havingojei barua. Wafanyakazi wakaanza kuteremka mlima, Ongeri mbele, akijipangusa shingo. Walipofika kwenye karatasi walisimama. Karani aliisoma kwa sauti. Obwocha aliegemea pikipiki yake, akakunja mikono, ahakikishe.

Drusilla alisukuma bakuli la chumvi katikati ya meza ya kibandani. Akamwambia Ongeri, "Shika upande ule." Wakaiinua meza, wakaiingiza ndani ya nyumba, na yeye akatokea tena mlangoni.

"Leo siuzi," alisema. "Leo nina wageni. Ingieni."

Waliinama mmoja mmoja kwenye kizingiti. Walikaa kwenye kitanda, kwenye gunia, kwenye debe lililopinduliwa. Orpah akapata nafasi juu ya sanduku la nguo. Kesho hakutakuwa na viazi, wala kesho kutwa, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Lakini mafuta yalianza kuchachatika, na kelele zikajaa mpaka dari.

"Kuna sheria ya kukataza wageni, tata?" Drusilla aliuliza kutoka mlangoni, macho chini.

Obwocha alifungua faili, akapekua, akalifunga. Mlango ulikuwa wazi na hakuweza hata kuchungulia.

Mkwe hamwachi baba na njaa. Drusilla alitoa sahani ya viazi, akaiweka juu ya kigoda nje, akarudi nyuma. Obwocha alisita. Kisha akaila. Kipande cha kwanza alikitafuna upesi, cha pili taratibu. Vidole vyake vitatu vikajikusanya vyenyewe, vikapapasa hewani pale bakuli lilipozoea kuwa.

"Chumvi ni kidogo."

"Nimetia jikoni, tata. Kama fomu inavyosema."

"Niongezee basi."

"Iliyobaki iko mezani."

Ndani, Ongeri alikuwa akicheka na kumwambia karani asichovye kama padre. Obwocha aliisikia hiyo meza vizuri sana. Alibaki na kiazi mkononi.

Ng'ambo ya njia, Nyamoita alikuwa ameuzima moto wake. Alisimama chini ya mparachichi na samaki watatu kwenye jani la mgomba, hasogei mbele, harudi nyuma. Drusilla alimwona kutoka mlangoni.

"Na wewe umesimama hapo kama mti? Lete hao samaki wako wa kanisa, chumvi wataikuta huku. Ingia ule."