Kifungo cha Juu

Nyumbani walimwita Daktari wa Wazee, kwa kumtania tu, maana wenzake wote walikimbilia kompyuta na yeye akaenda chuo kusomea utunzaji wa wazee. Bibi yake, aliyemwita "mume wangu" tangu anatambaa, ndiye pekee aliyejivunia masomo hayo waziwazi.

Mtihani wa vitendo alikuwa ameshaufeli mara moja. Alipewa mzee wa kumsaidia kuvaa, naye kwa roho yake nzuri akamvisha kila kitu, mpaka soksi. Mwalimu akamweleza kuwa mzee yule huvaa mwenyewe kila siku. Kazi ya mwanafunzi ni kungoja, asaidie pale tu mkono unaposhindwa. Akifeli tena, chuo basi.

Mara hii mwalimu alikuja nyumbani, na mzee wa mtihani alikuwa bibi. Asubuhi bibi alikuwa amefua mapazia na kuyaanika. Sasa alikuwa amelegea kitini kama nguo mbichi, shingo upande, akikohoa kidogokidogo. Alishapiga hesabu zake: kijana alifeli kwa kukosa kazi ya kutosha, basi leo atapewa kazi mpaka akome.

Mjukuu akamwekea sweta la vifungo mapajani, akachuchumaa mbele yake, akangoja. Mikono ilimwasha kwa hamu ya kusaidia.

"Nivishe, mume wangu," bibi akanong'ona. "Mwalimu anaangalia."

"Bibi, nikikuvisha ndiyo nafeli."

Bibi akamkazia macho, kisha akakaa wima. Akavaa sweta chapuchapu, akafunga vifungo kuanzia chini, huku akiuliza ni mwanamume gani huyu anayemtazama mkewe akihangaika. Mwalimu akauma midomo asicheke.

Kwenye kifungo cha juu vidole vikakwama. Vikajaribu, vikateleza, vikajaribu tena. Mjukuu akakumbuka kwamba msimu mzima wa baridi bibi alitembea shingo wazi, akidai anasikia joto, na yeye, Daktari wa Wazee, alimwamini. Moyo ulimuuma. Hata hivyo akangoja.

"Hiki siigizi," bibi akasema polepole.

Hapo ndipo mjukuu aliponyoosha mkono, akamfungia taratibu, vidole vya bibi vikiwa bado juu ya vyake. Mwalimu akaandika kuwa amefaulu, akawaaga. Hakuna aliyemsikia.