Daraja la Nukta

Mjomba wangu ni mkurugenzi wa ofisi ya ramani, na tangu akalie kile kiti sijawahi kumwona akitazama ramani. Kazi yake ni kuzilinda. Ana chumba chenye mlango wa chuma, na funguo za mlango huo hukaa kwenye kamba shingoni, chini ya tai. Akiinama kula utazisikia zikigonga sahani. Ukimuuliza mle chumbani kuna nini, anatazama kushoto na kulia, kisha anashusha sauti: "Nchi."

Basi ndiyo hivyo. Nchi nzima imefungiwa chumbani, na sisi tunaoikanyaga kila siku haturuhusiwi kujua ilivyo.

Mimi ni mshona mapazia. Wiki nzima nashinda na utepe wa kupimia shingoni, na Jumamosi mchana naungana na wenzangu tunaochora ramani kwa kujitolea. Mmoja ni muuguzi, mwingine fundi wa friji, mwingine mwalimu mstaafu ambaye anaweza kugombana na wewe mchana kutwa kuhusu kona moja ya barabara. Tunakaa kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maktaba, kila mtu na kompyuta yake, tunafungua picha za setilaiti na kufuatisha barabara, vichochoro, visima na mapaa. Ramani yetu ni ya kila mtu. Anayeitaka aichukue, wala hatudai shukrani. Hilo ndilo lililokuwa likimkera Mjomba. Hakuelewa kitu cha maana kinawezaje kutolewa bure, tena bila muhuri.

Shida ya setilaiti ni kwamba inaona kutoka juu tu. Paa inaliona, mti inauona. Lakini kama kalavati lililo chini ya ule mti linabeba lori au linabeba mbuzi, hapo haina jibu. Serikali ndiyo yenye jibu, au ndivyo tulivyoamini. Tuliamini wapimaji wake wamepita kila mahali na vifaa vyao vya miguu mitatu, na kwamba yote waliyoyapima yamelala salama nyuma ya mlango wa chuma wa Mjomba.

Sasa nije kwa Bibi, mama mzazi wa Mjomba na wa mama yangu. Anaishi ng'ambo ya korongo, na majirani wanamwita Bi Tarumbeta, kwa sababu pamoja na pumu yote aliyonayo, akiita mtu upande ule, upande huu watu wanaitika. Korongo limeutenga mtaa wake na barabara ya lami. Watu wanavuka juu ya mbao zilizolazwa tu, na gari linalotaka kufika kwake lazima lizunguke mbali, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Tulipokuwa tunauchora mtaa wake, alitaka kuja kuona. Akaja, akavaa miwani, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Nyumba yangu nimeiona. Na daraja?"

"Hakuna daraja pale, Bibi."

"Kwani mimi sijui kuwa hakuna? Si mimi ndiye ninayetetemeka kwenye zile mbao? Nakuuliza mbona hujalichora."

"Tunachora kilichopo, Bibi."

"Ehee. Na kisichokuwepo serikali itakijuaje?"

Nilimgeukia mwalimu mstaafu anisaidie. Yeye anayegombana na kila mtu siku hiyo aliona afute miwani yake. Mwishowe tukaafikiana: tutaweka mstari wa nukta pale Bibi alipogusisha kidole. Kwetu sisi, nukta maana yake kitu kinahitajika lakini hakijajengwa. Ni kama bandi, ile mishono mirefu ninayopiga kwenye pazia ili kitambaa kikae mahali pake kabla sijashona kweli. Hakuna fundi anayemkabidhi mteja pazia la bandi. Pembeni tukaandika: "Daraja la Bi Tarumbeta, linahitajika." Bibi akaridhika, akaomba chai.

Haukupita muda mrefu pumu ikamshika vibaya. Jirani akapiga simu, gari la wagonjwa likatoka hospitalini mbio, king'ora kikilia, likaja moja kwa moja hadi ukingo wa korongo, upande wa lami. Likasimama hapo. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimemshika Bibi mkono, namwona dereva anashuka, anatazama chini, anatazama simu, anatazama chini tena. Nikampigia kelele azunguke kiwandani. Akajibu kwamba ameelekezwa apite hapa, na kama ni kuzunguka, aliyemwelekeza angemwambia. Ikabidi majirani wamkalishe Bibi kwenye kiti cha jikoni na kumvusha juu ya zile mbao, mbao zinalia, na Bibi ambaye sauti yake huvuka korongo siku hiyo hakuweza kusema hata "ah". Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Alipona. Lakini mimi sikupoa. Nilijiambia yule dereva hana ramani ya kueleweka, na ramani ya kueleweka iko shingoni kwa mjomba wangu. Serikali ikiitoa, tutaiunganisha na yetu, kila dereva ataona njia gani inabeba gari na ipi haibebi. Nikaenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeleta mapazia?"

"Nimekuja kuomba data. Barabara, makalavati na madaraja tu. Siulizi kambi za jeshi."

Akaniangalia kama nimemwomba figo. "Unajua adui akijua madaraja yetu yako wapi itakuwaje?"

"Adui gani, Mjomba? Adui wa Bibi ni pumu."

Akasema ombi langu litafanyiwa kazi. Lilifanyiwa kazi kweli: nilipigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi, kila moja ikinihakikishia kwamba mwenye mamlaka ni ile niliyotoka. Wenzangu nao wakaandika magazetini, wakazungumza redioni. Muuguzi alimwuliza Mjomba hewani ni nani hasa ananufaika na ramani isiyotazamwa. Mjomba akajibu kwamba swali hilo nalo ni siri.

Aliyetuokoa ni Waziri, na hakukusudia. Alikwenda kwenye mkutano ng'ambo, akakuta mawaziri wenzake wanajisifu jinsi walivyofungua data zao, wananchi wanachora, wazima moto wanafika kwa wakati. Naye kwa kutotaka kupitwa akajisifu kwamba kwake zilifunguliwa zamani. Wenzake wakafurahi, wakasema watamtembelea kujifunza. Aliporudi, Mjomba alipigiwa simu, na alipoweka mkonga chini alikuwa kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Sherehe ya kufungua data ikaandaliwa haraka. Maturubai, maua ya plastiki, waandishi wa habari, wageni wa Waziri. Bibi alikaa safu ya mbele kama mama wa mkurugenzi, mimi pembeni yake nikiwa nimemshikia pampu ya pumu. Mjomba akazivua zile funguo shingoni mbele ya kamera, kwa huzuni ya mtu anayemwoza binti yake wa pekee. Taa zikapunguzwa, na ramani ya siri ya taifa ikarushwa kwenye turubai jeupe lililotundikwa ukutani.

Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Ila kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyoona kama nakutana na mtu ninayemjua. Ile kona iliyogombaniwa na mwalimu mstaafu ilikuwepo, imepinda vilevile alivyong'ang'ania. Visima vya fundi wa friji vilikuwepo vyote. Hata kile kibanda nilichokichora kimakosa katikati ya barabara, nikakifuta wiki iliyofuata, kilikuwa bado kimesimama pale, sasa kikiwa na nembo ya taifa.

Nilikuwa bado nawasaka wenzangu kwa macho pale Bibi alipoinuka.

"Wewe, mwanangu!" Ukumbi mzima uligeuka. "Hilo daraja langu limekamilika lini?"

Ndipo nikaliona. Juu ya korongo, mstari mnene mweusi bila nukta hata moja, na maandishi safi: "Daraja la Bi Tarumbeta." Walikuwa wamenakili kazi yetu yote, wakaona nukta zinaharibu umaridadi, wakazinyoosha. Neno "linahitajika" nadhani lilikosa nafasi. Kisha wakaifungia chumbani ili tusije tukaiiba. Na ramani hiyohiyo, kama nilivyokuja kuthibitisha baadaye, ndiyo iliyokuwa kwenye chumba cha simu za dharura cha hospitali, ofisi pekee iliyowahi kupewa kibali cha kuitumia. Yule dereva hakupotea. Alielekezwa na serikali, kwa mstari wetu.

Nilitaka kupasua lile turubai kwa mkasi.

Waziri alicheka kistaarabu. "Mama, kumbe daraja lina jina lako! Hongera sana."

"Ahsante, Mheshimiwa. Mimi ni mgonjwa, siwezi kutembea. Nipeleke nyumbani na gari lako, unipitishe hapo hapo kwenye daraja langu, wageni nao waone."

Wageni wakapiga makofi. Mjomba jasho lilikuwa limeshafika kwenye tai. Msafara ukatoka, ving'ora mbele, na mimi nikiwa nimebanwa kati ya Bibi na mlinzi. Bibi alikuwa anavuta pumzi kwa shida na anatabasamu. Gari la kwanza likasimama ukingoni, la pili likasimama nyuma yake, hadi msururu wote. Waziri akashuka, akalitazama korongo. Upande wa pili mwanamke alikuwa anaanua nguo, akatupungia mkono.

"Mkurugenzi," Waziri akasema taratibu, "daraja liko wapi?"

Mjomba alikuwa tayari kufa na tai shingoni. "Mheshimiwa, ramani ni sahihi kabisa. Kinachokosekana ni daraja."

Kamera zilikuwa zimeshawashwa. Hapo Waziri akaonyesha kwa nini yeye ni waziri na sisi wengine tunashona mapazia. Akawageukia wageni, akaeleza kwamba daraja hilo limeondolewa kwa muda ili likarabatiwe, na litarudishwa kabla ya mvua.

Likarudishwa. Serikali ambayo miaka yote ilishindwa kuleta hata kifusi ilileta zege, nondo na wahandisi, wakafanya kazi kama wanakimbizwa. Likajengwa haswa pale Bibi alipogusisha kidole chake kwenye kioo cha kompyuta yangu. Wahandisi walilalamika kwamba hatua chache kando pangefaa zaidi, wakaambiwa waifuate ramani. Siku ya kukata utepe, bango kubwa lilisomeka "Uzinduzi wa Ukarabati". Bibi alilisoma, akaniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini kwamba hajawahi kuona mtoto anayepelekwa hospitali kabla hajazaliwa.

Wageni walipoondoka, Mjomba akaifunga data tena, mlango ukaongezewa kufuli. Nilimfuata nikiwa nimefura.

"Mjomba, kwa nini?"

"Umeona mwenyewe hatari yake. Tumefungua siku moja tu, tumedaiwa daraja. Tukifungua mwaka mzima si tutajenga nchi nzima?"

Nilikwenda nyumbani nikashona pazia la watu upande wa nyuma.

Mvua zilipokuwa zimechanganya, alasiri moja Bibi alishikwa tena. Midomo ilibadilika rangi mikononi mwangu. Nilipiga simu, nikakaa naye sakafuni nikimpepea kwa kipande cha kitambaa, nikimwambia upuuzi wowote ulionijia. Nikasikia king'ora kwenye lami. Nikangoja kisimame ukingoni kama siku ile. Hakikusimama. Kilipita juu ya korongo, kikakua, kikaingia uani hadi vyombo vikatikisika, na nikaanza kulia kabla hawajafungua mlango.

Jioni Mjomba alikuja hospitalini, akasimama kando ya kitanda na funguo zake shingoni, macho mekundu. Alikuwa amelia na yeye, nilimwona. Akamshika daktari mkono, akamwambia, "Ramani ya serikali imemwokoa mama yangu."

Nilitaka kumng'ata. Kisha nikamtazama Bibi, kifua kinapanda na kushuka bila kelele, nikaona leo ruksa, aseme anachotaka.

Alipopata nguvu, hakungoja aruhusiwe na mtu. Jumamosi akakodi teksi, akavuka daraja lake, akaingia ukumbini kwetu, akavaa miwani na kusogeza pua kwenye kioo.

"Daraja nimeliona. Na zahanati?"

"Hakuna zahanati kule kwenu, Bibi."

Aliniangalia tu. Mwalimu mstaafu akaanza kufuta miwani yake. Nikavuta kiti karibu, nikauliza iwe wapi. Akaweka kidole kwenye kiwanja kilicho wazi jirani na kwake, mahali ambapo na yeye angeweza kufika kwa mguu. Nikachora kuta, mlango, hata kijia cha kuingilia.

"Nitaweka nukta," nikasema. "Lazima. Sisi hatusemi uongo."

"Weka, mjukuu wangu, weka nukta zako zote," Bibi akasema, akivua miwani. "Wenyewe watazitoa."