Shtaka la Kuingia

Katika miaka kumi na tisa ya ukalimani mahakamani, neno "trespass" halikuwahi kumpiga chenga mkalimani, mama wa makamo. Mashtaka yaliandikwa kwa Kiingereza. Yeye alimfasiria mshtakiwa kwa Kiswahili, kesi ikaendelea. Siku hiyo akapanda kizimbani mzee mmoja, fundi mwashi mstaafu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mzee, unashtakiwa kwamba uliingia mahali pa watu bila ruhusa."

"Watu gani, mwanangu?"

"Nyumbani kwa mlalamikaji."

Mzee akamtazama mlalamikaji, mwanawe wa pekee, aliyekaa benchi la mbele macho chini.

"Ile nyumba niliijenga kwa mikono hii. Mama yake alipofariki nikaiandikisha kwa jina lake. Naenda kukaa barazani, basi. Sigusi kitu."

Hakimu akataka kujua: anakiri au anakana?

"Kama nimemkosea mwanangu, naomba anisamehe," mzee akajibu.

Mkalimani akaanza kutafsiri, akajizuia. Kwa Kiingereza, neno lilelile la kuvamia kiwanja ndilo watu hulitamka kanisani wakiomba kusamehewa makosa yao. Akilitumia hapa, mzee atakuwa amekiri bila kujua.

"Mheshimiwa, ameomba radhi kwa mwanawe," akasema. "Kuhusu kuingia, hajajibu. Naomba aulizwe tena."

Hakimu akavua miwani, akamgeukia mwana. Mwana akasimama, akaeleza kwamba mkewe hushtuka kila siku kumkuta mtu barazani, asiyebisha hodi wala kuaga. Hakutaka baba afungwe. Alikuwa tayari kuliondoa shtaka, mradi mzee asije tena bila kuitwa.

"Na utaniita lini?" mzee akauliza.

Mkalimani akalitafsiri hilo neno kwa neno. Mwana alikuwa anakunja karatasi zake. Hakimu akaifuta kesi.

Mchana mkalimani akamkuta mzee kwenye benchi la nje, peke yake. Kazi yake haikumruhusu kuzoeana na wenye kesi, na miaka yote alikuwa akiwapita kama hawaoni. Leo akaketi kando yake, akamuuliza kama amekula.

"Niache kidogo, mama," mzee akasema taratibu, bila ubaya.

Akaomba radhi, akaondoka. Jioni, nyumbani kwake, alifungua kufuli zake mbili, akaingia ndani, akazifunga tena. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama jikoni, akijiuliza kama mzee yule alikuwa ameshaondoka pale benchini, na kama ameondoka, ameelekea wapi.