Dau la Pembeni Nyumbani kwa Akal

Mwaka ule wa habari za mafuta kugunduliwa huku kwetu, vijana walikuwa wakicheza poka, kamari ya karata, kila Jumapili baada ya misa nyumbani kwa Akal, mjane wa Kanamkemer, hapa Lodwar. Akal hakuupenda mchezo ule. Aliuvumilia tu kwa sababu Lopeyok, mwanawe wa pekee, akicheza nyumbani angalau anamwona.

Aliyewafundisha ni Ruot, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na aliwafundisha pia adabu ya dau la pembeni. Asiyecheza anaweza kuwekeana dau na mwenzake juu ya mchezaji, lakini akishaweka, asipite nyuma ya mchezaji. Karata zikionwa, dau limekufa, na yeyote aliyeziona anatoka nje mpaka mchezo uishe. Hakuna maneno. Ndivyo walivyodumu marafiki.

Jumapili moja Lokuruka, ndugu wa marehemu mume wa Akal, aliweka beberu kwamba Ruot atashindwa. Alier, rafiki ya Ruot, akaweka baiskeli yake kwamba atashinda. Kisha Lokuruka akainuka kunywa maji. Mtungi ulikuwa nyuma ya Ruot. Akal, akipepea makaa mlangoni, aliyaona macho ya shemeji yake yakishuka kwenye karata na kutulia hapo.

Lokuruka akarudi, akaketi, akaongeza ngamia jike kwenye dau lake.

Alier akautazama mtungi, akamtazama Lokuruka.

"Hayo maji yana nini, mzee? Kikombe kimoja tu, beberu amezaa ngamia."

"Kiu ya mzee haiulizwi na mtoto wa kambi."

Kwenye kifundo cha mkono wa Lokuruka kulikuwa na kisu cha duara wanachovaa wanaume, na ala ya ngozi inayofunika makali yake alikuwa ameshaivua. Lopeyok alikuwa ameketi katikati yake na Alier. Akal akimtaja shemeji yake kuwa mwizi, damu. Akinyamaza mpaka karata zifunuliwe na Alier anyang'anywe baiskeli, damu vilevile.

Ee Bwana, nishike, akasema moyoni. Akachukua birika, akazunguka nyuma ya Ruot, akainama, akazitazama karata zake waziwazi, moja baada ya nyingine.

"Ruot mwanangu, nimeziona zote. Kosa ni langu."

Ruot akazitupa chini karata. Akasema kwa upole kwamba basi, madau yote yamekufa, na mama anajua anachotakiwa kufanya.

Akal akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akaketi kwenye jua kando ya ua wa miiba. Hakupita muda akasikia ndara za Lokuruka nyuma yake. Hakugeuka.

"Uliniona, shemeji."

"Nilikuona."

"Na hukunitaja."

"Nina mwana mmoja tu."

Lokuruka alisimama pale, kivuli chake kimemfunika mama wa watu. Halafu akaondoka kuelekea mtoni, bila kuaga.

Ndani, karata zilikuwa zikichanganywa upya. Lopeyok akaita kuuliza kama chai iko tayari. Akal akamjibu kutoka kando ya ua kwamba aiangalie mwenyewe; yeye yuko nje mpaka mchezo uishe.